Kioo cha Saa ya Baba Kimevunjika: Je, Nikibadilishe Mwenyewe?

SWALI: Bwana Mhariri, marehemu baba yangu, aliyefanya kazi ya kupakua meli bandarini Kilindini, aliniachia saa ya Seiko 5 isiyotumia betri. Juzi nikishuka kivukoni niliigonga kwenye chuma, kioo kikaingia nyufa na kipande kimoja kikatumbukia ndani. Saa bado inatembea, nami ninaivaa. Naona uzito kuiacha kwa fundi nisiyemjua. Je, ninaweza kubadilisha kioo hicho nyumbani? – Msomaji, Likoni.

JIBU: Ndugu yetu wa Likoni, kabla ya jambo lolote, ivue saa hiyo leo. Saa ya namna hii hujitia ufunguo kwa mtikisiko wa mkono, na maadamu unaivaa, akrabu zitaendelea kukiburura kile kipande juu ya uso wa saa, ambao rangi yake ikishachunika hairudi. Usitegemee kuisimamisha kwa kuvuta kitufe cha pembeni, kwa sababu katika Seiko 5 nyingi za zamani akrabu ya sekunde haisimami hata kitufe kikivutwa. Bandika seloteepu juu ya kioo ili vipande visiachane, kisha uilaze mahali pamoja. Itasimama yenyewe baada ya siku mbili hivi.

Kazi yenyewe inawezekana nyumbani, mradi uwe na ufunguo wa kufungulia mfuniko wa nyuma, kibano, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi na kishinikizo cha vioo vya saa. Ukishafungua mfuniko, bonyeza taratibu kidude kilicho kando ya shina la kitufe, vuta shina, utoe mashine nzima pamoja na uso wake na uifunike kwa bilauri. Chembe zilizobaki zipulize kwa ile pampu, kamwe si kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu, na chuma cha ndani ya saa hakiupendi.

Wengi huharibu kazi kwenye vipimo. Vioo vya saa huuzwa kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na kioo kilichozidi sehemu mbili au tatu tu hupasuka kinaposhindiliwa, ilhali kilichopungua kiasi hicho hicho hukaa kilegevu na kuruhusu maji. Rula haitoshi, tafuta kalipa, upime upana wa kioo cha zamani ikiwa vipande vyake vinaungana, pamoja na unene wake. Ikiwa haviungani, pima pale kinapokaa kioo, kwa pande tatu au nne, na ukumbuke kutoa unene wa ringi ya plastiki inayokishika, mara mbili, kwa kuwa ringi iko pande zote. Ringi hiyo nayo nunua mpya.

Ukiuziwa kioo cha yakuti, jua kwamba ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, hivyo hakichunwi na mchanga, ambao hufikia 7. Lakini kikigongwa vibaya huvunjika pia. Kwa saa ya ukumbusho, sisi tungerudisha kioo cha kawaida kama kile alichokijua baba yako.

Wakati wa kushindilia, kibao cha kile kishinikizo kiguse ukingo wa kioo pande zote sawasawa. Kikienda upande, legeza uanze upya. Usitumie supaglu, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo na uso. Fanya kazi hii siku kavu, la sivyo hewa yetu ya bahari itafungiwa ndani na kugeuka matone utakapoingia chumba chenye kiyoyozi.

Ikiwa mkono wako unatetemeka mbele ya mashine, mpelekee fundi saa na umwombe uketi karibu naye mpaka amalize.

Tunawaonya pia wenye saa za kabla ya miaka ya 1960 ambazo tarakimu zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani: nyingi zilitiwa radiamu (radium), madini yenye mnururisho hatari, ambao hubaki hata rangi ikiacha kung'aa. Hizo zisifunguliwe nyumbani.

Baada ya kazi, usiogelee na saa hiyo Shelly Beach, na uivue unapotawadha, mpaka fundi mwenye chombo cha kupimia shinikizo ahakikishe kwamba haipitishi maji.