Deni ni langu, akaunti ni ya biashara

"Shangazi, nilikopa kwa rafiki yangu kwa jina langu, mambo yakaenda mrama. Sasa anatishia kwenda mahakamani akamate akaunti ya biashara ninayoendesha na dada yangu. Dada hana habari. Je, anaweza? Na nikizihamishia fedha kwa mke wangu mapema? – Mwenye Hofu"

Pole, mwanangu. Jambo kubwa umelisahau: biashara imesajiliwaje? Ikiwa ni jina la biashara tu na mwenyewe ni wewe, mbele ya sheria wewe na duka ni mtu mmoja. Rafiki yako akishapata hukumu, anaweza kuiomba mahakama iiamuru benki imlipe kutoka kwenye akaunti hiyo. Mkiwa wabia, kwa kawaida anaandama fungu lako tu.

Kampuni ni habari nyingine. Mwaka 1897, katika kesi ya Salomon huko Uingereza, majaji walikataa kumbebesha mwenye kampuni madeni ya kampuni, ingawa karibu hisa zote zilikuwa zake. Kwa upande wako ni hivyo hivyo, ila kinyume chake: kampuni hailipi deni ulilokopa wewe, isipokuwa iliweka sahihi kama mdhamini. Lakini usishangilie bado. Hisa zako ni mali yako, na mdai anaweza kuzikamata, pamoja na gawio lako (faida unayogawiwa kama mwenye hisa), hata sehemu ya mshahara wako.

Sasa chukua taarifa ya benki ya miezi iliyopita uisome mstari kwa mstari. Ada ya watoto imo? Kodi ya nyumba? Mafuta ya gari lako? Hapo ndipo wakili wa mdai atakapoweka kidole, aseme kampuni ni pochi yako tu. Majaji hawakubali hoja hiyo kirahisi, ila kwa nini umrahisishie kazi? Jilipe mshahara, mengine yalipe kutoka akaunti yako.

Hilo la mke, acha kabisa. Mahakama inaweza kubatilisha uhamisho uliofanywa kumkwepa mdai, na mkeo ataitwa kujieleza. (Naye umemwambia, au utamshtukiza?)

Mwambie dada yako wiki hii, kabla karatasi za mahakama hazijamfikia. Atakasirika, ana haki. Kisha mwandikie rafiki yako utalipa kiasi gani kila mwezi, kiasi unachokiweza kweli, na awamu ya kwanza itangulie pamoja na barua.