Jibu: Vifaa vya michezo ya kikundi kwa wafanyakazi 30
Ndugu yangu, umeuliza ni vifaa gani vya gharama ndogo vitakavyowafaa wafanyakazi 30 mnaotaka kuwajengea umoja hapa Dodoma. Anza na kamba. Nunua tatu za mita 20, ukiepuka za katani kwa sababu huchubua viganja, uunganishe ncha za kila moja, kisha uwagawe watu kumi kumi, waishike wakiwa wamefungwa macho kwa vipande vya kanga na waunde mraba. Kila upande unapaswa kuwa na mita 5, lakini chenye thamani zaidi ni kusikilizana: dakika za mwanzo kila mtu huamuru, na mara nyingi mraba hunyooka pale mmoja anapoachiwa kuhesabu hatua kwa sauti huku wengine wakinyamaza. Wakimaliza, waketi kivulini walizungumzie hilo bila haraka. Rede nayo inafaa sana, kwa kuwa inahitaji mpira wa soksi na chupa ya kujazwa mchanga tu, na wengi waliicheza utotoni. Puto na vikombe vya karatasi viache, maana upepo wa kiangazi utavipeperusha kabla mchezo haujaanza.