Barafu kwenye joto la digrii milioni 150?

SWALI: Mhariri shikamoo, eti mtambo wa fyusheni (wa kuunganisha viini vya atomu kupata nishati) unafika digrii milioni 150 halafu mafuta yake wanatupia yakiwa barafu, si yanayeyuka kabla hata hayajafika? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Yanayeyuka ndiyo, ila wanataka yayeyukie ndani sio mlangoni. Ukipuliza gesi tu inaishia pembeni mwa plazima, yaani ile gesi ya moto kupindukia iliyomo mtamboni, kwa hiyo wanagandisha dyuteriamu na tritiamu, aina mbili za haidrojeni nzito ambazo ndizo mafuta yenyewe, wanakata vidonge vya milimita chache halafu wanavifyatua kwa msukumo wa gesi, kama bunduki ya upepo ya kupigia ndege. Na mafuta yenyewe kiduchu mno, mtambo wa majaribio wa JET kule Uingereza mwaka 2023 ulitoa nishati ya megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu, punje moja ya mchele inazidi hapo mara mia hivi!

Shughuli ipo plazima ikivurugika ghafla, maana inaweza kuunguza ukuta. Hapo ITER, mtambo wa fyusheni unaojengwa Ufaransa, imepanga kufyatua bonge la barafu ya haidrojeni na neoni, saizi ya kizibo cha chupa ya mvinyo, linagonga bomba lililopinda linapasuka, vipande vinaingia, neoni inageuza joto kuwa mwanga unaosambaa pande zote badala ya kuchoma sehemu moja.