Kabla hujamwita kocha mpya, hesabu mwezi

Timu ikifungwa mechi tano mfululizo, barza zote huwa na dawa moja: kocha aondoke. Mimi ni katibu wa timu ya daraja la kwanza hapa Pemba, msimu wa sita huu, na makocha watano wameshapita mikononi mwangu. Aliyetufaa ni mmoja. Na huyo nusura tumkose.

Nianze na tulipokosea. Tulimleta kocha kutoka Unguja, mtu mwenye jina, aliyewahi kufundisha timu za Ligi Kuu. Alishuka boti Mkoani na begi la koni mpya za mazoezi, tukampokea kwa gari ya kukodi kama bwana harusi. Akabandika ratiba: mazoezi kila siku saa kumi jioni, anayechelewa anazunguka uwanja mara kumi, asiyekuja hachezi. Tukapiga makofi.

Wiki haijesha, giza likaingia. Msiovua hamtonielewa: mwezi ukipotea ndipo dagaa wanapovuliwa kwa taa, na vyombo vinatoka jioni ileile ya mazoezi. Kipa wetu, beki wa kati na winga wa kushoto wako chombo kimoja. Hawakuonekana siku tisa. Kocha akawaandika watovu wa nidhamu, tukashuka uwanja wa Finya na kipa wa akiba, mtoto wa skuli, tukala nne bila. Kwa hesabu ya mpira kocha alikuwa na haki. Sisi ndio hatukumwambia anakuja kufundisha watu gani.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni simu. Kila asubuhi ya mechi kiongozi wetu mmoja alikuwa akimtumia majina kumi na moja, tayari yamepangwa. Baada ya mechi ya saba mgeni wetu alikunja nguo zake, akapanda boti. Barzani ikasemwa kuwa kocha hana uwezo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haumhusu kocha. Kaeni kamati, mjibizane mpaka mkubaliane nani anapanga timu. Kisha chukueni daftari la mahudhurio, muhesabu. Mimi nilihesabu la wiki mbili: wachezaji ishirini na wanne tuliowasajili, waliokuwa wakifika mazoezini kumi na moja, siku nzuri kumi na tatu. Msimu wa karafuu ndo usiseme. Timu ya namna hiyo hata ukiiletea kocha wa Ulaya atafundisha koni.

Fedha pia semeni kweli. Kama mna posho ya miezi mitatu, mwambieni mitatu, na muandikiane, japo karatasi moja. Ile "kamati ya ufundi" nyengine, ya kwa waganga, munaijua, sitaki kuifungua hapa, ila msimu ule ilikula fedha kuliko nauli ya timu, na lawama akabebeshwa kocha.

Halafu kuna wale wa "tutafute wa nje". Sisemi mgeni hafai. Lakini mwaka 2017 Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, ilifika fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Kenya, wenyeji wakatutoa kwa penalti tu, na kwenye benchi alikuwa Hemed Morocco, mtu wa hapahapa visiwani. Huyohuyo Januari 2024, kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, aliposimamishwa katikati ya AFCON, ndiye aliyekabidhiwa timu. Wa karibu tunamdharau kwa sababu tumemuona akinunua urojo.

Leseni ikagueni, hilo dakika mbili. Msimuweke mtu ofisini kumuuliza mfumo wake. Kila mmoja atakwambia anacheza mpira wa pasi. Mpeni jioni moja uwanjani na wachezaji haohao waliopo. Sisi tuliwapa watatu. Wa kwanza aliuliza wengine wako wapi, akakasirika, akaondoka kabla ya magharibi. Wa pili aliwakimbiza vijana mpaka mmoja akatapika.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa skuli, kaja kwa baskeli. Walikuwepo kumi na mmoja. Akawakalisha chini, akatoa daftari, akauliza: nani anavua, nani anachuma karafuu, nani anasoma? Akaandika majina yote. Kisha akawagawa sita kwa watano, akakunja suruali, akaenda mwenyewe kukaa golini upande wa watano. Walipomaliza akanijia jasho likimtiririka.

"Katibu, mwezi leo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi wavuvi tunao kama wiki hivi. Mazoezi mazito tuyatie humu. Giza likiingia nitawafuata pwani asubuhi, chombo kikirudi."

Usiku ule nilimpigia simu mtu aliyewahi kufundishwa naye. Sikumtafuta nyota, nyota humsifu kila aliyempanga. Nilimtafuta aliyekuwa akikaa benchi. Akanambia, "Hakunipanga, lakini kila wiki alinieleza kwa nini." Kwangu ikawa imekwisha.

Kwenye kamati haikuisha. Mzee wetu mmoja alinitazama: "Mwanangu, mtu wa baskeli ndo atuokoe sie?" Tulipiga kura, tano kwa nne. Tukatoa sare mbili, tukafungwa ya tatu, barza ikaanza. Nilichofanya mwaka ule cha maana ni kuiomba kamati izime simu mpaka mechi ya kumi. Hatukupanda daraja. Tulibaki kwa pointi mbili, na kipa alikosa mechi moja tu.

Sasa mwalimu kahamishiwa skuli ya mbali na tunatafuta tena. Kesho saa kumi anakuja wa kwanza kujaribiwa. Namba ya kipa wa akiba wa timu aliyotoka ninayo.