Picha 12,000, nianze na programu gani ya bure?

Ndugu, umesema picha zako 12,000 zimetawanyika kwenye kompyuta na diski ya nje, na unataka programu isiyolipiwa ya kuzipanga. Mimi ningechukua digiKam. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, inatambua nyuso na kutafuta picha zilizojirudia. Mwanzoni menyu zake zitakuchosha, vumilia.

Ila kabla hujaandika lebo hata moja (neno la kutambulisha picha), ingia kwenye mipangilio, sehemu ya metadata (maelezo yanayoambatana na picha), uhakikishe lebo zinaandikwa ndani ya faili zenyewe. La sivyo zinabaki kwenye hifadhidata ya programu tu. Siku ukihamia programu nyingine, lile neno "Bibi" ulilobandika kwenye picha 300 halikufuati. Mimi nilipoteza kazi ya miezi miwili hivyo kwenye programu nyingine, na bado inaniuma. Na kuhama kunaweza kukulazimu: hata Picasa, programu ya kupanga picha, pamoja na kupendwa kote kule, Google iliacha kuiendeleza mwaka 2016.

Kama unatumia Linux na unataka kitu chepesi, jaribu Shotwell.

Na tafadhali, nakili picha zote kwenye diski ya pili kwanza, ndipo uanze kufuta zilizojirudia.