Tenet imenishinda, ya polisi asiyelala nimeielewa

SWALI: Anko shikamoo. Mi niko Uyole hapa Mbeya, juzi kwenye kibanda umiza wametuwekea Tenet na hiyo ni mara ya pili naiona, nimetoka tena sijaambulia kitu, risasi zinarudi kwenye bunduki, magari yanakimbia kinyumenyume, washkaji wananicheka eti kichwa kizito. Halafu jamaa wa kuweka muvi kwenye flashi akanichomekea Insomnia, ile Al Pacino polisi usingizi haumpati, imetulia kweli ila nimeimaliza na chai yangu imepoa na baridi hii. Naambiwa dairekta ni huyohuyo Nolan! Sasa mi ndo nina shida au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kichwa chako kizima, hao wanaokucheka waambie wakuhadithie Tenet mwanzo mwisho uone watakavyoanza kukohoa.

Insomnia ni ya 2002, imetokana na muvi ya Norway ya 1997, na katika muvi zote za Nolan ndo pekee ambayo yeye hayumo kwenye majina ya waandishi (labda ndo maana imetulia, mi nawaza tu). Pale fundo liko ndani ya mtu. Polisi kampiga risasi mwenzake kwenye ukungu, ukungu kama wa Kitulo vile, kadanganya, na aliyemuona ni muuaji anayemsaka, sasa jua la Alaska halizami, anaziba dirisha la hoteli na mwanga bado unapenya. We mwenyewe hujalala siku mbili unajua ile hali, huhitaji maelezo.

Tenet ya 2020 imekula zaidi ya dola milioni 200, wamegongesha Boeing 747 ya kweli kwenye jengo, lakini steringi hana hata jina! Unamshikia wapi? Kazi yako inabaki kufuata sheria za muda kurudi nyuma, na maneno yenyewe yamemezwa na muziki, na hapo kibandani kuna jenereta na mtafsiri anapiga kelele juu yake, aisee.

Ila usiseme ugumu ndo mbaya. Memento ya 2000 ni ngumu kuliko zote za mwanzo, sini za rangi zinarudi nyuma na za blakendiwaiti zinaenda mbele, lakini steringi mwenyewe hatunzi kumbukumbu mpya kwahiyo unapotea kama anavyopotea yeye. Hata Inception na ndoto zake ndani ya ndoto, chini kabisa kuna baba anataka arudi kwa watoto wake, basi unavumilia.

We anza na Following ya 1998, haifiki hata saa na robo, ilipigwa siku za wikiendi kwa kama dola 6,000 tu. Memento iangalie nyumbani, kibandani mtafsiri akiruka sentensi moja mmekwisha wote.