Taimingi ya Mbeya haipandi Kitonga

Nikiri mapema: Eunos Roadster, yaani Mazda MX-5 ya soko la Japani, si gari la Mbeya. Lina viti viwili, tumbo lake linakaribia kulamba lami, na mvua za Machi zinapenya kwenye turubai la paa hadi unaendesha na taulo mapajani. Lakini nilipata moja la 1990, injini ya 1.6, lenye taa zinazochomoza kutoka kwenye boneti. Watoto wa mtaani kwetu Uyole wanaliita chura. Nikalipenda, basi.

Shida yake ilikuwa sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu haujakanyaga. Asubuhi za Juni, baridi ikiwa kali, mshale wa mizunguko kwa dakika ulikuwa unapanda 1,500, unashuka 600, unapanda tena, kama mzee anayekoroma. Likipata moto linazimika pale Kabwe, daladala nyuma zinakupigia honi na makonda wanakuuliza kama umeishiwa hela ya mafuta. Nikalipeleka kwa fundi mmoja, simtaji. Akainama, akasikiliza, akakaza skrubu kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, mpaka sailensa ikatulia kwenye 1,200.

"Kaka, sasa halizimi."

Kweli halikuzima. Ila mafuta lilianza kuyanywa, na kwenye mteremko wa Iwambi ukiachia eksileta gari linaendelea kukusukuma kama halijasikia. Nilichelewa sana kuelewa kwamba skrubu aliyoikaza si ya sailensa. Ni ile inayozuia kipepeo cha throto kisifunge hadi mwisho, na kiwandani waliiweka mahali pake iachwe hapo. Kwenye 1.6, sensa ya throto ni swichi tu: inaiambia kompyuta "mguu umetoka." Kipepeo kikibaki wazi kidogo, swichi haigusi, kompyuta inadhani bado unakanyaga, na kwenye mteremko inaendelea kumwaga petroli ambayo ingepaswa kuikata.

Kwa hiyo ukinunua gari la namna hii limepita mikono mingi, anza hapo. Legeza skrubu ya kipepeo ili kifunge vizuri, pima swichi kwa mita, ndiyo uendelee. Halafu kagua mpira mnene unaotoka kwenye kipima hewa kwenda kwenye throto. Wangu ulikuwa umepasuka chini, kwenye mkunjo, mahali ambapo huoni bila kuukamua kwa vidole. Hewa iliyoingilia hapo haikupimwa na mtu yeyote, mchanganyiko ukawa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, na ndiyo ile kukoroma ya asubuhi. Mpira umebadilishwa, nusu ya ugonjwa ikaisha kabla sijagusa bisibisi.

Sasa marekebisho yenyewe: sailensa, na taimingi, yaani cheche iwahi kiasi gani kabla pistoni haijafika juu. Unahitaji taa ya taimingi, spana namba 12, bisibisi na kipande kifupi cha waya. Waya ndio mganga. Kwenye boneti kuna kijiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, tafuta matundu ya TEN na GND, uyaunganishe kwa huo waya. Bila hivyo kompyuta inasogeza taimingi yenyewe na kuchezea vali ya hewa ili kuitunza sailensa, wewe unafukuzana na kivuli. Fundi wangu alikuwa akirekebisha kwa masikio huku kompyuta ikimrekebisha yeye.

Injini iwe imepata moto kamili, feni ya rejeta imesimama, taa na redio zimezimwa, usukani umenyooka. Juu ya throto kuna kizibo kidogo cheusi cha mpira. Ndani yake ndipo ilipo skrubu halali ya sailensa. Ipeleke kwenye mizunguko 850, hamsini juu au chini si kosa. Kisha bana taa kwenye waya wa plagi namba moja, ukimulika puli ya chini. Kama taa yako ina kipimo cha kuzungusha, kiache kwenye sifuri usome alama za injini yenyewe: koili za gari hili zinachoma silinda ya kwanza na ya nne kwa pamoja, cheche inatoka kila mzunguko badala ya kila mizunguko miwili, na taa nyingine za aina hiyo zinakudanganya mara mbili. Alama ikae kwenye 10, yaani nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu.

Isipokaa, legeza bolti ya sensa ya kamu nyuma ya silinda hedi; ndiyo inayoiambia kompyuta cheche itoke lini. Ni pabaya pale, mkono unaingia kama wa mkunga na unatoka na mchubuko. Geuza kidogo sana, ukubwa wa kucha, utazame alama inaelekea wapi. Kaza, rudi kwenye sailensa uipime tena kwa sababu itakuwa imesogea, rudi kwenye taimingi, kisha chomoa waya. Ukiona oili inachuruzika nyuma ya injini, badilisha oringi ya sensa hiyo hiyo wakati mkono wako umeshateseka. Na kama alama inayumba badala ya kutulia, acha kila kitu ukague bolti ya puli na ufunguo wake, kile kipande cha chuma kinachoizuia puli isiteleze kwenye krenki. Krenki za matoleo ya mwanzo zina pua fupi na pale ndipo zinapokufa.

Ningekuwa mtu wa kuridhika ningeishia hapo. Lakini Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa nyepesi, silinda haijai kama inavyojaa Dar, mgandamizo ni mdogo, moto unasambaa taratibu. Injini inakubali cheche iwahi zaidi bila kugonga, yaani bila mchanganyiko kujilipukia wenyewe ndani ya silinda. Nikaweka 14, gari likachangamka. Tamaa ikanishika, nikaweka 18. Kupanda barabara ya Chunya, ee bwana, unalikanyaga linaitika! Nikajiona fundi mkuu wa Nyanda za Juu.

Mwezi uliofuata nikaenda Morogoro. Kushuka hakukuwa na neno. Kurudi, saa nane mchana, nikasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, joto linakausha mate. Nikaondoka, nikaanza kuupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori la mzigo, gia ya tatu, mguu chini. Ndipo nikaisikia: sauti kavu, nyembamba, kama misumari inatikiswa kwenye kopo. Gari hili halina sensa ya kusikia kugonga huko na kurudisha taimingi. Mwenye masikio ni dereva peke yake. Nikaweka gia ya pili nikapunguza mguu, ikapungua, haikuisha. Nikageuza penye nafasi, nikarudi chini.

Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, alikuwa amekaa kivulini anamenya chungwa. "Mwanangu, hiyo gari inakaanga karanga," akasema.

"Shikamoo mzee. Ni taimingi."

"Marahaba. Sasa zizime hizo karanga kabla hazijaungua."

Taa ya taimingi ilikuwa nyumbani Uyole, kabatini. Kilichoniokoa ni kwamba kabla sijaanza kuchezea, nilikuwa nimekwaruza mstari kwa msumari kwenye sensa na kwenye hedi, pale 10 ilipokuwa. Tukasubiri injini ipoe, mzee akanishikia simu imulike, nikarudisha mstari kwa mstari. Kitonga tukaupanda bila sauti yoyote, lori lake mbele, mimi nyuma nimefunga vioo kwa ajili ya moshi.

Siku hizi nakaa kwenye 14 nikiwa Mbeya, na sensa ina mikwaruzo miwili. Nikitaka kuvuka Iringa kuelekea bondeni, naifungua bolti ile usiku wa kuamkia safari na kurudisha mstari wa kwanza. Spana namba 12 inakaa kwenye kiboksi cha glavu, pamoja na taulo.